Hesabu Mafuta Kabla Usiku Haujaingia

Masomo: Mathayo 25:1–13 na Mwanzo 41:33–36



Wanawali kumi walitoka kwenda kumlaki bwana arusi, na wote kumi walikuwa na taa. Lishikeni hilo kwanza, maana wengi tunalisoma haraka na kulipita. Hakuna aliyetoka mikono mitupu. Giza lilipoingia taa zote kumi ziliwaka, na mpita njia asingeweza kumtambua mwenye busara wala mpumbavu. Tofauti ilijulikana usiku wa manane, bwana arusi alipokawia. Watano walikuwa na mafuta ya akiba katika vyombo vyao. Watano walikuwa na taa tu.

Leo nasema na nyumba zenye taa. Nasema na ninyi mlioweka paneli juu ya bati huko Ikungi na Manyoni, Kongwa na Kiteto, Sikonge na Urambo. Ninyi mliouza alizeti, mbuzi na asali ili watoto wasome usiku. Jua mnalo, tena jingi kuliko mataifa makubwa yenye viwanda vya hizo paneli. Na bado ikifika saa tatu usiku nyumba ni giza. Taarifa ya habari haijaisha, inverta inaanza kulia, skrini inazimika, binti wa kidato cha nne anafunga daftari, mama anapapasa simu awashe tochi, na simu nayo inakaribia kuzima. Hapo baba anatamka: "Hii sola ni uongo mtupu."

Hapana, baba. Jua halijawahi kukudanganya. Limechomoza leo na kesho litachomoza. Kilichokosekana nyumbani mwako ni hesabu. Mliinunua taa, hamkuupima usiku.

Neno nililo nalo ni hili moja, nami nalisema kwa moyo wote: usitoe hata shilingi moja kwa ajili ya paneli wala betri kabla hujaketi na kalamu ukahesabu usiku wa nyumba yako. Kuhesabu ni uwakili. Fedha uliyoitolea jasho si ya kuchezewa kwa kukisia, na watoto wanaongoja mwanga si wa kufanyiwa majaribio.

Imani haiondoi hesabu

Najua wapo watakaosema, "Mchungaji, Mungu ndiye atoaye jua, mbona unatuletea namba madhabahuni?" Nami nawauliza: Yusufu alipofunuliwa na Mungu kwamba inakuja miaka saba ya shibe na miaka saba ya njaa, alifanya nini? Alikuwa na uhakika wa ufunuo kuliko mimi na wewe. Lakini hakumwambia Farao kwamba Bwana atajua la kufanya. Alitaja kiasi: sehemu ya tano ya mavuno ya kila mwaka wa shibe ikawekwe ghalani. Sehemu ya tano! Namba kamili, kwa muda uliojulikana, kwa ajili ya upungufu uliojulikana. Hiyo ndiyo imani iliyokomaa, inayopokea neema mchana na kuipangia usiku.

Jua la mchana ni shibe. Usiku ni njaa, na siku ya mawingu ni njaa kubwa zaidi. Anayefunga umeme wa sola anafanya kazi ya Yusufu, na kazi hiyo ina hatua tatu zisizobadilishwa mpangilio: hesabu kwanza kile nyumba inachokula, kisha akiba ya kukivusha usiku, kisha paneli ya kuijaza akiba hiyo. Wengi wetu tunaanza mkiani. Tunanunua paneli kwa sababu tumeiona kwa jirani, tunatafuta betri ya bei iliyobaki mfukoni, halafu tunachomeka kila tulicho nacho. Ndiyo maana tunalia.

Hesabu usiku wako

Chukueni kalamu. Sitanii, mahubiri haya ni ya kusomwa na daftari pembeni.

Mtu anaingia dukani na kusema, "Nipe sola ya kuwasha TV." Muuzaji anaiunganisha pale pale, TV inawaka, mteja analipa anaondoka na furaha. Aliuliza kama itawaka, akajibiwa kweli. Hakuuliza itawaka kwa muda gani. Wati zinakwambia kifaa kinavuta nguvu kiasi gani kwa wakati mmoja. Zidisha wati kwa saa za matumizi, upate wati-saa, na hicho ndicho kinachotoka kwenye betri usiku kucha. Wenye LUKU mnakijua kipimo hiki ingawa hamkiiti hivyo: uniti moja mnayonunua ni wati-saa 1000.

Tuchukue nyumba ya mkulima wa alizeti kule Ikungi, mke, mume na watoto. Sebuleni pana taa ya LED ya wati 7 inayowaka saa tano: 35. Vyumba vitatu vya kulala, kila kimoja taa ya wati 5 kwa saa mbili: 30. Jikoni wati 5 kwa saa tatu: 15. Nje kuna taa ya wati 5 tangu saa moja jioni hadi saa kumi na mbili asubuhi: 55. Taa zote pamoja ni wati-saa 135. Televisheni ya inchi 32 inavuta wati 45. Kwa saa nne ni 180. King'amuzi chake, wati 15 kwa saa hizo hizo: 60. Redio ya wati 5 kwa saa sita: 30. Simu nne, kila moja yapata wati-saa 15: 60.

Jumlisheni. Ni wati-saa 465. Ongezeni moja ya tano kwa ajili ya kinachopotea njiani, ndani ya nyaya, inverta na betri yenyewe, maana hakuna chombo kinachorudisha chote kilichopokea. Tunafika 558, tuandike 560. Hicho ndicho kiasi cha mafuta ya nyumba hii kwa siku. Ni zaidi kidogo ya nusu uniti ya LUKU! Nyumba nzima, televisheni na yote, kwa kiasi ambacho mjini kinaisha bila mtu kujua.

Sasa tazameni vizuri, maana orodha hii inafichua wezi wa ndani. Taa ya nje, ndogo namna ile, inakula kuliko taa ya sebule ambayo familia nzima inakaa chini yake. King'amuzi kikiachwa kimewaka usiku na mchana kitakula 360, mara mbili ya televisheni yenyewe. Inverta isiyozimwa, hata kama hakuna kilichochomekwa, ikivuta wati 10 tu za kujiendesha, kwa siku imemeza 240. Na pasi ya umeme ya wati 1000, ikinyoosha nguo za ibada kwa nusu saa, imemaliza wati-saa 500, karibu chakula cha nyumba nzima cha siku hiyo. Ndugu, pasi ya mkaa si aibu. Aibu ni kulala gizani Jumamosi usiku ili shati ling'ae Jumapili asubuhi.

Na friji? Friji ya kawaida ya umeme wa gridi inaweza kula wati-saa 1000 na zaidi kwa siku. Anayeitaka aiandike kwenye orodha mapema, ajue kwamba peke yake inadai mtambo mkubwa kuliko wa nyumba yote tuliyoihesabu. Asiichomeke kimyakimya halafu amlaumu fundi.

Hesabu akiba

Hapa ndipo wanawali watano walipoanguka, na hapa ndipo sisi tunapoangukia.

Betri ya risasi iliyoandikwa volti 12 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1200 ikizidishwa. Lakini sikieni: nusu tu ndiyo yenu. Nusu nyingine ni uhai wa betri. Kila umeme unapotoka, sahani za risasi zilizo ndani zinajifunika sulfati. Betri ikichajiwa mapema, sulfati inarudi kwenye asidi na sahani zinakuwa safi. Ikiachwa tupu siku baada ya siku, sulfati inageuka fuwele ngumu, na sehemu iliyoshikwa na fuwele hiyo haifanyi kazi tena. Betri haifi siku inayogoma. Ilikuwa inakufa kila usiku ulipoinyonya mpaka inverta ikalia, nawe ukaizima na kuiwasha tena upate dakika tano za mpira.

Betri ya gari ndiyo inayoteseka zaidi. Imetengenezwa kwa sahani nyembamba ili itoe nguvu kubwa kwa sekunde chache za kuwasha injini, kisha ijazwe upya mara moja. Kuitoa jasho polepole usiku mzima ni kuidai kazi ambayo haikuumbiwa. Betri ya N70 unayoisifia ina ampea-saa 70, yaani wati-saa 840. Nusu yake ni 420. Nyumba yetu inahitaji 560. Haitoshi hata usiku mmoja bila kuumia.

Kisha hesabuni na bwana arusi anayekawia. Jua nalo hukawia. Huja siku wingu halifunguki tangu asubuhi hadi jioni, na nyumba yenye busara inaweka angalau siku mbili ghalani. Siku mbili za nyumba yetu ni 1120. Kwa kuwa tunatumia nusu tu, tunahitaji betri yenye 2240. Gawanya kwa volti 12, unapata ampea-saa 187. Dukani haipo hiyo. Iliyopo ni ya 200. Basi nunua ya 200, ya kutoa umeme polepole, iliyotengenezwa kwa ajili ya sola.

Mwenye uwezo wa betri ya lithiamu aina ya LiFePO4 atahesabu tofauti. Ile inaruhusu kutumia hadi sehemu tisa za kumi bila kuumia, nayo inavumilia kujazwa na kutumiwa maelfu ya mara, mahali ambapo ya risasi huhesabu mamia. Ya volti 12.8 na ampea-saa 100 ina 1280, na tisa za kumi zake ni 1152. Inaitosha nyumba yetu siku mbili, kwa chupuchupu. Bei yake inauma siku ya kwanza. Gawanyeni kwa miaka ndipo mseme ipi ni ghali. Hakikisheni tu kwamba chaji kontrola yenu, kifaa kinachosimamia umeme unaoingia kwenye betri, ina mpangilio wa lithiamu.

Nawe mwenye betri tayari, ipime. Asubuhi kabla jua halijagusa paneli, vifaa vyote vikiwa vimezimwa usiku kucha, gusisha maltimita kwenye vichwa viwili vya betri yako ya risasi. Volti 12.7 ni betri iliyojaa. Volti 12.2 ni nusu. Ukikuta 11.8, umekwisha kuila nafsi yake, na ukikuta hivyo kila asubuhi, acha kumlaumu aliyekuuzia mpaka umepunguza unachochomeka.

Hesabu jua la mwezi mbaya

Sasa ndipo tunapofika kwenye paneli, ambayo wengine waliinunua kwanza.

Jua hukaa angani saa kumi na mbili, lakini la asubuhi na la jioni ni hafifu. Ukikusanya mwanga wa siku nzima, ni sawa na saa chache tu za jua kali la utosini. Dodoma na Singida mwezi wa tisa hupata nyingi. Arusha na Moshi, kama Nairobi, hufunikwa na mawingu ya baridi mwezi wa saba. Pwani ina masika yake. Bukoba na Rungwe wana mvua zao. Mwenye busara hahesabu kwa mwezi mtamu. Anahesabu kwa mwezi mbaya, kwa sababu mtoto anasoma mwezi mbaya pia. Tuchukue saa nne. Walioko Rungwe na wapunguze zaidi.

Tena wati zilizoandikwa nyuma ya paneli zilipimwa kiwandani, chini ya mwanga mkali na paneli ikiwa na nyuzi 25. Juu ya bati letu adhuhuri paneli inafika nyuzi 60, na kwa kila nyuzi moja inayopanda inapoteza karibu asilimia 0.4. Ongeza vumbi la kiangazi na urefu wa waya. Hesabu asilimia 70 ya kilichoandikwa, hutajuta.

Basi kila wati moja ya paneli, mwezi mbaya, inakuletea wati-saa 2.8 kwa siku: saa nne mara 0.7. Nyumba yetu inataka 560. Gawanya: ni paneli ya wati 200. Lakini hiyo inalisha siku na kuisha. Siku ya mawingu imekopa 560 kutoka ghalani. Nani atalirudisha deni hilo? Ukifunga wati 300, kila siku zinaingia 840. Mia tano na sitini zinalisha nyumba, mia mbili na themanini zinalipa deni. Kwa siku mbili za jua, deni la siku moja ya wingu limekwisha na betri imejaa. Hiyo ndiyo nyumba iliyopangwa!

Wati 300 kwenye volti 12 ni ampea 25, kwa hiyo chaji kontrola iwe ya ampea 30. Na betri ya 200 inapokea karibu sehemu ya kumi ya ukubwa wake kwa saa ya jua kali, kiasi kinachoifaa betri ya risasi. Mnaona jinsi namba zilizohesabiwa kwa uaminifu zinavyopatana?

Sasa pimeni ule mtambo unaouzwa kila mnada: paneli ya wati 100, N70 na inverta kubwa ya wati 1000 yenye taa nzuri za kijani. Umetoka dukani na betri imejaa, 840. Usiku wa kwanza nyumba inakula 560, zinabaki 280. Mchana paneli inaleta 280, mnafika 560. Usiku wa pili nyumba inakula zote na betri inalala tupu. Usiku wa tatu ni vilio. Hakuna mchawi hapo. Hakuna jirani mwenye kijicho. Ni hesabu, na ingejulikana kabla pesa haijatoka mfukoni.

Mizani ya hila

Sasa nageukia wauzaji na mafundi, nanyi ndugu zangu nisikieni kwa upendo, kwa sababu mkono wenu unashika mwanga wa watu.

Mithali inafundisha kwamba mizani ya uongo ni chukizo kwa Bwana. Lebo ya uongo ni mizani ya uongo. Jua kali likitua juu ya mita moja ya mraba linaleta wati 1000, na paneli nzuri ya siku hizi inageuza karibu moja ya tano tu kuwa umeme, yaani wati 200. Kipande chenye urefu wa mita moja na upana wa sentimita 67 hakiwezi kuwa wati 300, hata kikipakwa lebo kumi. Wewe muuzaji unalijua hilo. Mjane aliyeuza kuku ili akulipe halijui. Utasimama wapi siku ya hesabu kubwa?

Nanyi wanunuzi, nendeni na futi ya kupimia. Nendeni na mizani pia: betri ya risasi ya ampea-saa 100 iliyo ya kweli ina uzito wa kilo 25 hadi 30. Ukiinua kwa mkono mmoja kama kikapu cha nyanya, uliza ndani yake kuna nini.

Fundi, usifunge paneli ya wati 250 yenye volti 30 na ampea 8.3 kwenye kontrola ya PWM na betri ya volti 12. Kontrola ile itapitisha ampea 8.3 kwa volti 13, yaani wati 108, na mteja atakuwa amelipia paneli moja na kuvuna chini ya nusu yake. Paneli ya namna hiyo inataka kontrola ya MPPT; kwa PWM tafuta paneli iliyotengenezwa kwa volti 12. Usibane waya. Mkondo wa ampea 10 ukisafiri mita 10 kwenye waya wa milimita za mraba 2.5, kwenda na kurudi, unapoteza volti 1.4 kati ya 12. Kwa waya wa 6 unapoteza yapata 0.6. Tofauti hiyo umeiweka mfukoni mwako au juu ya ukuta wa mteja? Weka fyuzi karibu na betri, kwa sababu waya uliogusana unaweza kuchoma nyumba watu wakiwa wamelala. Ielekeze paneli kaskazini, kwa kuwa tuko kusini mwa ikweta, uiinamishe kidogo ili mvua ioshe vumbi, na usiiweke penye kivuli cha mwembe.

Zaidi ya yote, fundi, usimfungie mtu kabla hujamwomba orodha. Fundi anayeuliza "Una shilingi ngapi?" kabla ya "Unatumia nini, kwa saa ngapi?" ameanza kazi kwa mguu mbaya.

"Lakini sina fedha"

Nalisikia jibu lenu: "Wati 300 na betri ya 200 ni mali nyingi, sisi ni watu wa hali ya chini." Ndugu yangu, hesabu imekuja kwa ajili yako hasa. Tajiri akikosea atanunua nyingine. Wewe ukikosea umepoteza msimu mzima wa shamba.

Fedha isipotosha, punguza orodha, usipunguze betri. Toa televisheni na king'amuzi kwa sasa. Zimebaki taa, redio na simu: 225, na moja ya tano juu yake, 270. Siku mbili ni 540, nusu ya betri ya risasi, basi 1080, ampea-saa 90. Betri ya 100 inatosha. Paneli ya wati 150 inaleta 420 mwezi mbaya: inalisha nyumba na kulipa deni la wingu. Taa za volti 12 moja kwa moja, bila inverta. Huo ni mtambo mdogo unaosema kweli, na nyumba itakuwa na mwanga kila usiku, miaka. Nao ni bora mara mia kuliko mtambo wa televisheni unaokufa kabla ya Krismasi.

Mkikusudia kuongeza baadaye, jueni kwamba paneli huongezwa kwa urahisi, betri ya risasi haiongezwi hivyo. Betri mpya ikifungwa sambamba na iliyochoka, iliyochoka huiburuta mpya kaburini. Kwa hiyo, ukipata fedha kidogo ya ziada mwanzoni, iweke kwenye akiba. Ndicho walichofanya wale watano wenye busara.

Mauti ya betri si yako peke yako

Liko jambo moja zito tena. Betri ikifa mapema haipotei. Inakwenda mahali. Ndani yake mna risasi na asidi. Mtu anaipasua nyuma ya nyumba, anamwaga asidi kwenye mtaro, anayeyusha sahani atengeneze vizito vya nyavu, na watoto wanacheza kwenye udongo ule ule. Risasi ikiingia kwenye damu ya mtoto inamharibu ubongo, na ulioharibika haurudishwi.

Huko Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu kilisimama ubavuni mwa makazi ya watu, na risasi ikaingia katika miili ya watoto. Mama mmoja, Phyllis Omido, ambaye mwanawe mwenyewe alikutwa na sumu hiyo, alikataa kunyamaza. Mwaka 2015 alipewa Tuzo ya Mazingira ya Goldman, na mwaka 2020 mahakama ya Mombasa iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3. Hebu fikirini: ni betri ngapi kati ya zile zilizofika huko zilikuwa zimeuawa kabla ya wakati wake na watu wasiohesabu? Anayenunua betri inayomtosha na kuitunza miaka anamlinda mtoto asiyemjua. Anayeua betri kila mwaka anaupeleka uchafu wake kwenye uwanja wa mtu mwingine. Mpende jirani yako hata katika ampea-saa!

Basi tufanye nini?

Baba na mama, muwe kitu kimoja katika jambo hili. Msiache orodha iandikwe na anayetaka mpira peke yake. Mwenye kupika gizani na mwenye kusoma gizani nao wana sauti. Mkubaliane kwanza kile ambacho hakitazimwa hata mawingu yakae siku mbili, na kile kitakachozimwa bila ugomvi wingu likitanda asubuhi.

Kijana uliyesoma umeme VETA, nenda nyumba kwa nyumba ukawapimie watu betri zao. Umepewa ujuzi huo bure na Mungu hata kama ada ulilipa. Mkunga anayezalisha kwenye zahanati kwa mwanga wa simu iliyobanwa kwa bega anakungoja wewe.

Wazee wa usharika, nunueni maltimita moja, ikae ofisini, iazimwe kama vile viti vya msiba vinavyoazimwa. Kabla ya harambee yoyote ya sola ya kanisa au shule, orodha ya wati-saa isomwe hadharani, na asiyeielewa aelezwe mpaka aielewe, ndipo kikapu cha sadaka kipitishwe. Msinunue kwa macho kile ambacho watu wametolea jasho.

Nawe unayesoma, usiliweke neno hili hadi mwezi ujao. Leo, kabla hujalala, andika kila kifaa kilichomo ndani ya nyumba yako, wati zake na saa zake, uzidishe na kujumlisha. Mpe mwenzi wako aisahihishe. Kesho ipeleke kwa fundi umwombe akuoneshe, kwa kalamu, betri yake inaivushaje nyumba yako siku mbili za mawingu na paneli yake inalipaje deni hilo. Akihesabu nawe, mpe kazi. Akikataa kuhesabu, mshukuru, ondoka na fedha yako, utafute mwingine. Bwana akupe subira ya kuhesabu na uaminifu wa kutii ulichohesabu. Amina.